Onyo Litangulie Maji: Mwongozo kwa Vijiji vya Kalehe

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, wilayani Kalehe, mashariki mwa Kongo. Jioni ile mito ya Kalehe ilifurika, ikashuka na mawe, miti na udongo, ikazoa nyumba na watu wa Nyamukubi na Bushushu mpaka Ziwa Kivu. Waliokufa walipita 400, na maelfu hawakuonekana tena. Siku mbili kabla ya hapo, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 ng'ambo ya ziwa, magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Na Kalehe yenyewe ilikuwa na kovu lake: mafuriko ya Oktoba 2014 yalibomoa nyumba zaidi ya 700, na watu zaidi ya 130 wakaripotiwa kupotea.

Hatari ilikuwa inajulikana, basi. Ila kujua kwamba mito ya huku huua ni jambo moja, na mama aliyekaa na beseni lake la samaki wa sambaza sokoni kuambiwa "funga sasa, panda upande ule" ni jambo lingine. Kati ya hayo mawili ndipo watu walipopotea.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kati ya mlima na ziwa: shefu wa kijiji, mwalimu, muuguzi, katekista, mchungaji, kiongozi wa soko, motari, mtangazaji wa redio, au mkaaji wa kawaida aliyechoka kupokea rambirambi za wakubwa. Unaeleza jinsi ya kuunda onyo linalomfikia mtu akiwa bado na nafasi ya kukimbia, na jinsi ya kuwafanya wenye madaraka waseme vizuri zaidi.

Kwa nini onyo huchelewa

Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma ya vijiji vyetu inavuka mita 2,000. Mito inayoshuka hapo ni mifupi na mikali. Misitu mingi imekatwa kwa ajili ya makaa na mashamba, kwa hiyo maji hayapati cha kuyazuia. Zaidi ya hayo, uwanda ule mwembamba kando ya ziwa, wenye udongo mzuri, barabara na soko, umetengenezwa na mito yenyewe kwa matope ya mafuriko ya zamani. Tumejenga pale ambapo mto umezoea kupita.

Mvua inaweza kupiga juu mlimani huku sokoni kukiwa kukavu. Mtu wa chini haoni kitu mpaka asikie mngurumo, na akishausikia amebakiwa na muda mfupi sana.

Sasa fikiria njia ambayo habari hupita kwa kawaida. Mkulima wa juu anamwambia shefu wa kijiji, shefu anampigia mkubwa wake, habari inafika kwa mwami (chifu wa jadi) na kwa msimamizi wa wilaya, inapanda hadi Bukavu, halafu tangazo linaandikwa, linatiwa sahihi na kurudi chini. Njia hiyo inafaa kwa kuomba mahema na dawa. Kwa mto wa Kalehe haifai, kwa kuwa maji hushuka mlimani haraka kuliko barua inavyopanda ofisini.

Wala usingoje utabiri wa hali ya hewa wenye jina la kijiji chako. Shirika la taifa la hali ya hewa, Mettelsat, lipo, lakini vituo vya kupimia mvua mashariki mwa Kongo ni haba. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoyachunguza mafuriko yale ya 2023, walishindwa kukata shauri kuhusu mchango wa mabadiliko ya tabianchi kwa sababu takwimu za mvua hazikutosha.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza, ile ambayo mengine yote yanaitegemea: onyo liende kwanza kwa watu, ofisi ijulishwe baadaye. Aliye juu ya mto awe na ruhusa ya kupuliza filimbi bila kumwomba mtu yeyote. Shefu anayekubali hilo hapunguziwi heshima. Amewapa watu wake dakika ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzitengeneza.

Kazi za Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijarudi

Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Balaa la 2014 lilitokea Oktoba, la 2023 likatokea Mei: mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Juni hadi Agosti ndio wakati wa kujipanga.

1. Tembeeni mto mzima, kutoka ziwani mpaka juu. Nendeni watu wa vijiji vyote ambavyo mto unapitia, mkiwa na wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi miaka iliyopita. Tieni rangi kwenye mawe na kuta hadi pale maji yalipofika. Alama ya rangi ukutani inamfundisha mtoto kuliko mkutano wa saa mbili.

2. Chagueni walinzi wa juu. Angalau wawili kwa kila mto, wa nyumba mbalimbali, wanaolala huko huko juu. Mmoja awe mwanamke: mara nyingi mama ndiye aliye shambani au mtoni saa ambazo wanaume wako barabarani. Wapeni filimbi, tochi, na simu yenye vocha ambayo kijiji cha chini kinailipia. Kijiji cha chini ndicho kinachookolewa, kwa hiyo gharama ni yake.

3. Simikeni mti wa kupimia. Nguzo imara kando ya mto, mahali panapoonekana hata usiku kwa tochi, yenye kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Wakaazi wa Goma wanazijua rangi za namna hii kutokana na alama za tahadhari ya volkano ya Nyiragongo. Ongezeni kipimo cha mvua: chombo chenye kuta zilizonyooka, kilichowekwa alama za milimita. Mwalimu na wanafunzi wasome kila asubuhi na kuandika daftarini. Baada ya msimu mmoja mtaanza kujua ni mvua ya kiasi gani inayoupandisha mto wenu, jambo ambalo hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuwaambia.

4. Kubalianeni sauti moja. Filimbi tatu ndefu zinazorudiwa, kengele ya kanisa inayopigwa mfululizo bila kupumzika, au rimu ya gari inayogongwa shuleni. Chagueni sauti ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Kengele inayoita watu ibadani na kuwaambia wakimbie kwa mlio ule ule itawachanganya.

5. Onesheni pa kukimbilia. Watu wasikimbie kufuata bonde, wala wasielekee ziwani kutafuta mtumbwi, kwa kuwa maji yanaenda huko huko. Wakate kando, wapande upande uliochaguliwa, mbali na mteremko uliochimbwa au wenye nyufa. Patajeni kwa jina ambalo kila mtu analijua.

6. Andikeni nani anamchukua nani. Mzee asiyetembea, mama aliyejifungua, kipofu, kiziwi. Kiziwi hasikii filimbi. Jirani yake aliyetajwa kwa jina ndiye onyo lake.

7. Fanyeni zoezi siku ya soko, kisha siku nyingine usiku. Kijiji kilichofanya zoezi mchana peke yake kimejiandaa nusu. Siku ya soko kuna wageni waliotoka Idjwi, Minova na milimani wasiojua njia zenu, na mwaka 2023 maji yalikuja siku ya soko.

Hatua ya saba ni rahisi kurukwa, na ndiyo inayookoa. Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua watu wasiopungua 300,000, ilianzisha mwaka 1972 mpango wa watu wa kujitolea wenye bendera na vipaza sauti. Safari ilikuwa ndefu, maana kimbunga cha 1991 bado kiliua zaidi ya 130,000. Waliendelea na mazoezi na kujenga majengo ya kukimbilia. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya 3,000: ni msiba mkubwa, lakini ni tofauti ya vizazi vizima vya watu waliobaki hai.

> KISANDUKU: Dalili za mto ambazo mlinzi asizisubirie uthibitisho
> – Maji yamegeuka matope ghafla na yanabeba miti iliyong'oka na mizizi yake.
> – Mngurumo wa mawe unasikika kutoka juu.
> – Mto umepungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Wengi hufurahi, ni hatari kubwa. Huenda miti na udongo vimeziba njia juu, na maji yanakusanyika. Huko Mai Mahiu nchini Kenya, Aprili 2024, maji yaliyozuiwa na takataka chini ya tuta la reli yalipasuka usiku na kuua makumi ya watu.
> – Mlimani: nyufa mpya ardhini, miti inainama, chemchemi inatoka mahali pasipokuwa na maji.

Maneno ya onyo lenyewe

Matangazo mengi ya serikali huwaomba raia "kuwa waangalifu". Mtu aliyeambiwa awe mwangalifu anabaki mahali alipo, akiwa mwangalifu. Onyo linalofanya kazi lina vitu vitano: nani anasema, nini kimeonekana, wapi, fanya nini sasa, na habari itakayofuata itakuja saa ngapi. Linganisha:

*Tangazo dhaifu:* "Wakaazi wote wa wilaya wanaombwa kuchukua tahadhari kutokana na hali mbaya ya hewa inayoweza kujitokeza."

*Onyo:* "Ndugu zangu, mama na baba, ni mimi shefu wenu. Mlinzi wa juu ameona mto umevuka alama nyekundu sasa hivi. Walio sokoni, walio chini ya barabara na walio karibu na daraja: acheni vitu, shikeni watoto, pandeni kwenye shule ya mlimani. Msivuke mto. Nitasema tena baada ya nusu saa."

Jifunzeni la pili hilo, mbadilishe majina, mliandike kwenye karatasi kubwa na kulihifadhi pamoja na megafoni. Usiku wa hofu si wakati wa kutunga sentensi.

Lugha: anzeni na Kihavu au Kitembo, kulingana na kijiji, kisha Kiswahili. Kifaransa kibaki kwa ajili ya ripoti. Mzee wa miaka 80 asiyejua Kifaransa ndiye aliye taratibu zaidi kukimbia. Aelewe wa kwanza.

"Msivuke mto" yastahili kurudiwa katika kila onyo. Maji ya kufika magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima, na watu wengi hufa wakirudi kuchukua mbuzi au kumfuata mtoto aliyekwisha kuokolewa na jirani. Ndiyo maana orodha ya "nani anamchukua nani" huandikwa mapema: mama akijua mtoto wake yuko mikononi mwa nani, hatarudi.

Kuhusu redio. Redio Okapi, Redio Maendeleo ya Bukavu na redio ndogo za wilaya zinasikika na kuaminika, lakini hazifai kuwa filimbi yenu ya dharura. Watumieni watangazaji wake kwa kazi wanayoiweza zaidi: kila wiki ya mvua, wakumbushe sauti ya onyo na mahali pa kukimbilia, na wamhoji mlinzi wa mto kwa lugha yake. Mtangazaji, usimalize taarifa ya mvua bila kutaja kitendo kimoja ambacho msikilizaji anaweza kukifanya usiku huo.

WhatsApp ina tatizo lake. Sauti ya zamani husambazwa tena mwaka unaofuata kama mpya. Basi, kila ujumbe wa sauti uanze na tarehe, saa na kijiji. Ujumbe usio na hayo matatu msiusambaze, hata ukitoka kwa mtu mnayempenda.

Filimbi katika nchi yenye bunduki

Tangu mwanzo wa 2025 vita vimepita Minova, Kalehe na Bukavu, na madaraka yamebadilika mikono. Mlolongo wa onyo unaotegemea cheo cha mtu mmoja utakatika siku mtu huyo akikimbia. Ufungeni kwa wanaobaki: muuguzi wa kituo cha afya, wareko (wahamasishaji wa afya wa jamii), walimu, katekista na wachungaji, viongozi wa soko, wavuvi, Msalaba Mwekundu wa kijijini. Kila nafasi iwe na watu wawili.

Mambo matatu yasiyo na mjadala:

– Risasi isitumike kamwe kuwa ishara ya mafuriko. Watu watajifungia ndani au kulala chini, na maji yatawakuta hapo.
– Yeyote mwenye silaha anayelinda barabara ya kijiji ajulishwe mapema, na watu wanaoheshimika, kwamba filimbi tatu maana yake ni maji, na kwamba usiku huo watu watakuwa njiani na tochi.
– Ujumbe wa mto usichanganywe na habari za mapigano. Siku walinzi wa mto watakapoanza kutangaza nani amepita wapi, watakuwa hatarini, na filimbi yao haitasikilizwa tena.

Onyo likitolewa na maji yasije

Litatokea, tena mara nyingi. Watu watarudi wamelowa, wamechoka, wengine wameibiwa kuku. Hapa ndipo mifumo mingi hufa, kwa sababu shefu huona aibu na kunyamaza.

Kesho yake asubuhi fanyeni hivi: iteni watu, mlinzi aeleze alichokiona, bila kujitetea, shefu amshukuru hadharani, kisha ulizeni nani alichelewa na kwa nini. Rekebisheni njia au sauti. Anayemcheka mlinzi ajibiwe na shefu mwenyewe, papo hapo. Mlinzi aliyeaibishwa leo atasita kesho.

Na wizi uzuieni mapema: teueni vijana wa kulinda nyumba kutoka mahali pa juu, palipo salama. Wengi hukataa kutoka kwa kuhofia mali, si kwa kutoamini mvua.

Baada ya balaa: kusema hesabu

Siku moja baada ya mafuriko ya 2023, gavana wa Kivu Kusini alitaja maiti 176. Siku chache baadaye hesabu ikapita 400. Hakuna ajabu: matope hayatoi wafu wote kwa siku moja, na miili mingine ilikuwa ikielea ziwani hadi upande wa Idjwi. Lakini tarakimu inayobadilika bila maelezo huzaa maneno kwamba wakubwa wanaficha, au wanaongeza ili wapate misaada.

Anayesema mbele ya watu afuate utaratibu huu:

1. Taja hesabu pamoja na saa yake: "Hadi saa nne asubuhi hii."
2. Sema itapanda: "Tunaendelea kutafuta, hesabu itabadilika."
3. Tenga waliokufa, waliojeruhiwa na wasioonekana. Usiwajumlishe.
4. Taja mahali ambapo familia zinaandikisha ndugu wasioonekana, na jina la anayeshika daftari.
5. Ahidi saa ya kusema tena, na uitimize hata kama huna jipya. "Hatuna habari mpya, tunaendelea" ni taarifa kamili.
6. Usitaje chanzo kabla ya uchunguzi. Huko Mai Mahiu watu waliambiwa mwanzoni kwamba ni bwawa lililopasuka; maelezo yakaja kubadilika.

Kumbukeni pia kwamba msiba huvuta magonjwa. Tangazo la kwanza la baada ya mafuriko, hata kabla ya hotuba, liwe la maji ya kunywa: yapi yameharibika, yapi ni salama, dawa ya kutibu maji inapatikana wapi.

Kuwadai wakubwa maneno yaliyo kamili

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na watu wa Goma waliuona mwanga mwekundu angani kabla ya kusikia neno la serikali. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Amri ile ilikuwa na jambo zuri: ilizitaja kata kwa majina, na ikaeleza sababu. Lakini mamia ya maelfu walitoka kwa siku moja, wengi wao wasijue watalala wapi wala watakunywa nini. Wengine walifika kwetu Minova kwa miguu na kwa mitumbwi. Amri ya kuhama isiyotaja pa kufikia imekamilika nusu.

Ni vivyo hivyo kuhusu viwanja. Mtu akiambiwa "hapa ni eneo jekundu, ondoka" bila kuoneshwa shamba jingine, atarudi mvua ikikatika. Hajapuuza onyo; amepima njaa na mto, akachagua.

Ziwani nako. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa ya watu 80. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba 278. Watu walipita ziwani kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara. Daini kibao gatini, kilichoandikwa kwa herufi kubwa: "Boti hii ni ya watu ______, ina maboya ______." Ni rangi na ubao tu, na humpa abiria nguvu ya kukataa kupanda.

Mkienda ofisini msiende na malalamiko matupu. Nendeni watu wachache, pamoja na mama wa soko, mkiwa na karatasi moja yenye ramani ya mto, majina ya walinzi na maombi yasiyozidi matatu. Kwa mfano: ruhusa iliyoandikwa kwamba mlinzi hataadhibiwa kwa onyo lililotolewa kwa nia njema, nambari moja ya Protection Civile (idara ya ulinzi wa raia) inayopokelewa usiku, megafoni mbili na betri zake. Ombeni sahihi ya kupokea, bakini na nakala, rudini baada ya mwezi. Mkuu wa ofisi akibadilika, nendeni tena na karatasi ile ile.

> ORODHA YA KUBANDIKA SHULENI, KANISANI NA SOKONI
> ☐ Walinzi wetu wa juu ni: ______ na ______
> ☐ Sauti yetu ya onyo ni: ______
> ☐ Tunakimbilia: ______ Tukiwa upande wa pili wa mto tunakimbilia: ______
> ☐ Megafoni iko kwa: ______ Betri zilijaribiwa tarehe: ______
> ☐ Nyumba zenye asiyeweza kukimbia, na jirani wake: ______
> ☐ Zoezi la mchana lilifanyika tarehe: ______ La usiku: ______
> ☐ Wenye silaha wa eneo walijulishwa tarehe: ______ na: ______
> ☐ Daftari la wasioonekana linashikwa na: ______
> ☐ Vocha ya simu ya walinzi mwezi huu imelipwa na: ______